Jezi ni Moja, Uraia Uwe wa Nchi Mbili

Mwanariadha akibadili taifa, matusi huanza kabla hata hajakimbia: msaliti, mroho wa pesa. Mimi simlaumu. Miguu ina miaka kumi hivi ya kulipa bili, na anayemtukana hatamlipia kodi ya nyumba miaka hiyo ikiisha.

Mkimbiaji Stephen Cherono alihama Kenya kwenda Qatar mwaka 2003, akawa Saif Saaeed Shaheen. Mwaka huohuo, mjini Paris, akatwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, huku kaka yake Abraham akiwa kwenye fainali ileile na jezi ya Kenya. Mwaka uliofuata Kenya ilikataa kumlegezea muda wa kusubiri ambao Olimpiki ilimwekea anayebadili taifa, akaikosa Olimpiki ya Athens, na Wakenya wakazoa medali zote tatu. Siku chache baadaye akaweka rekodi ya dunia huko Brussels, dakika 7 na sekunde 53.63. Ilidumu hadi 2023. Kenya ilikuwa na haki yake, sheria ni sheria. Kinachonikera mimi ni lile jina jipya la Qatar: kwa nini umtake mtu mbio zake lakini jina alilopewa na wazazi wake likuchome?

Tena anayeumia mambo yakiharibika ni mkimbiaji peke yake. Leonard Mucheru, aliyekuwa akiikimbilia Bahrain kwa jina la Mushir Salem Jawher, alishinda marathoni nchini Israel mwaka 2007, na Bahrain ikatangaza kumvua uraia kwa sababu ya kwenda kukimbia huko. Kenya nayo wakati huo haikuruhusu uraia pacha, yaani kuwa raia wa nchi mbili. Hebu fikiria, umeshinda mbio halafu hujui wewe ni raia wa wapi.

Mkimbiaji Bernard Lagat naye alipata uraia wa Marekani Mei 2004, na Agosti akaichukulia Kenya medali ya fedha ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Athens. Kwa sheria ya siku zile, uraia wake wa Kenya ulikuwa umeshakwisha. Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo iliyofungua mlango wa uraia pacha.

Wanaopinga uraia pacha husema utazaa wachezaji wa kuhamahama. Wanachanganya pasipoti na jezi. Jezi ina sheria zake: tangu 2018 riadha inamtaka anayehama asubiri miaka mitatu, asiwe chini ya miaka 20, na ahame mara moja tu. Hizo naziunga mkono zote. Ila ningeongeza moja: nchi inayomchukua isimlazimishe kuukana uraia wa alikotoka.