Rangi ya umeme na kona za geti
Kuna maelezo yanasema eti rangi ya kupuliza ikitiwa umeme inapasuka kuwa matone madogo kama ukungu, yote yanakimbilia chuma na hakuna kinachopotea. Nusu kweli. Matone yenye chaji moja yanasukumana, ndiyo maana yanatawanyika vizuri, na mengine huzunguka hadi nyuma ya bomba. Lakini kona za ndani za geti, kama haya tunayochomelea hapa Katwe, Kampala, rangi inagoma kuingia: umeme unaishia kwenye kingo, kona inabaki chuma kitupu, kutu inaanzia hapo hapo. Mimi kona hupiga brashi kwanza. Na ethi, yaani waya unaounganisha chuma na ardhi, mbona maelezo hayo hayakuitaja kabisa? Ndoano inayoning'iniza chuma ikijaa rangi kavu, chuma kinakosa ethi na rangi inamrudia mpigaji mwenyewe. Mafundi mbao wa Ndeeba, mbao kavu isiyopitisha umeme mnaifanyaje?