Mkuu wa Kaya Ana Mkia

Siku ya sensa mwaka 2022, karani alikaa hapa barazani kwetu, akawasha kishikwambi chake, akauliza, "Mkuu wa kaya ni nani?" Nikakohoa kidogo, nikaweka kola sawa, nikamwambia ni mimi. Papo hapo Upendo akalia kule bandani, sauti ya kukaripia kabisa. Mama yangu alicheka mpaka kanga ikamponyoka.

Upendo ni ng'ombe. Jina alipewa na mama siku tuliyomleta, kabla hatujamjua tabia.

Sisi huku mlimani, Moshi ya juu, hatuchungi. Kihamba chenyewe, yaani shamba la nyumbani, ni migomba na kahawa. Mfungulie ng'ombe kamba, baada ya dakika mbili yuko kwa jirani na wewe uko kwa balozi wa nyumba kumi. Kwa hiyo yeye anakaa ndani, chakula kinamfuata. Wenzetu Wamasai wanawatembeza ng'ombe. Sisi ng'ombe ndiye anayetutembeza. Majani tunafuata tambarare, tunapandisha nayo mlima, na mtu akikosa majani anakatakata mgomba. Pumba sitaki hata kuitaja, bei yake inanipandisha presha.

Saa kumi na moja alfajiri mama anagonga dirisha. "Baba, umeshaamka? Maji ya Upendo yamechemka." Maji ya Upendo! Kiwele lazima kioshwe kwa maji ya uvuguvugu ndipo maziwa yashuke. Mwezi wa saba huku ukipiga mswaki meno yanagongana, mimi naoga ya bomba, baridi kama kisu. Siku moja niliiba nusu ndoo ya moto. Maziwa yakapungua lita moja, kesi ikasomwa mezani mbele ya watoto.

Halafu kukamua. Unachuchumaa, kichwa umekiegemeza ubavuni kwake, ndoo umeibana kwa magoti. Lita ya kwanza, ya pili, povu linapanda, unaanza kupiga hesabu ya ada. Anajua. Anasubiri ndoo ifike katikati, ndipo ananyanyua mguu wa nyuma, taratibu, bila hasira yoyote, anautumbukiza. Kisha anageuza shingo kukutazama, huku anacheua. Ukifungua mdomo kumtukana, mkia unakuja. Na mkia wa ng'ombe aliyelala kwenye mavi usiombe ukukute mdomo wazi.

Yale yanayonusurika yanakwenda kwa mnunuzi, naye anatumbukiza laktomita yake, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, kama daktari anayepima homa. Kuna siku mvua ilinikuta njiani na mfuniko ulikuwa umelegea. Laktomita ikazama kuliko kawaida. Akanitazama. Foleni nzima ikanitazama, na mzee wa kanisa alikuwepo. Nilirudi na maziwa yangu, tukagandisha mtindi, tukala mtindi siku tatu. Ndiyo wiki pekee mwaka ule tuliyoonja mali yetu, maana nyumba hii yenye ng'ombe wa maziwa inakunywa chai ya rangi. Mgeni akija, mama watoto anamwuliza mtoto kwa sauti, "Maziwa yalibaki?" na mtoto ameshafundishwa jibu.

Lakini yote hayo nayavumilia. Kinachonimaliza ni joto. Ng'ombe akipandisha joto, yaani akitaka dume, una saa chache tu. Ukimwona asubuhi, jioni awe ameshapandishwa. Ukichelewa, subiri siku 21. Sasa Upendo huwa anachagua Jumapili au sikukuu, siku ambayo mtaalamu wa mrija, yule anayempandisha ng'ombe kwa mbegu bila dume, simu yake haipatikani. Pasaka ya mwaka jana nilimfuata mwenyewe kwa bodaboda. Akaja na mtungi wake wa naitrojeni wa kutunzia mbegu, ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri, akavaa glavu mpaka begani, akanikabidhi mkia nishike. Mkia uleule.

Akanionyesha karatasi ya dume. Wallahi, dume lile lina ukoo ulioandikwa: mama yake alitoa lita ngapi, bibi yake alitoa lita ngapi. Mimi cheti cha kuzaliwa bado nakifuatilia. Tukalipa, tukangoja miezi tisa, na usiku wa kuzaa nikalala bandani na tochi mdomoni, nikivuta miguu ya ndama pamoja na mama. Ndama akatoka. Mama akamulika chini ya mkia, akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, huyu ni mwenzako."

Dume. Hakamuliki, anakula tu. Mama watoto naye hakuchelewa: "Sasa mmekuwa wawili."

Ndama huyo sasa ana miezi mitano, na mama yake tumeshampandisha mara mbili bila kushika. Mara ya mwisho nilichora duara kwenye kalenda. Leo ndiyo siku ya 21, ni Jumapili, kengele ya ibada ya kwanza imeshalia, na huko bandani kelele zimeanza. Wacha nikatafute vocha.