Umeing'oa Jeni, Sawa. Sasa Irudishe

Taarifa za aina hii zimeanza kuchosha. "Watafiti wagundua kazi ya jeni fulani." Unafungua, unashuka hadi sehemu ya mbinu, unakuta jeni imekatwa, panya wakanenepa, ikatangazwa kwamba kazi ya jeni hiyo ni kuzuia unene. Basi, kazi imeisha. Hakuna aliyeirudisha jeni aone kama panya watakonda. Kwa mantiki hiyo, ukichomoa msumari mmoja wa bati mvua ikaingia jikoni, kazi ya msumari ni kukausha jikoni.

Kuondoa kunakuambia jambo moja tu: pasipo kitu hicho, kwa mnyama yule, katika hali ile, kuna kilichobadilika. Kama kilichosababisha ni kukosekana kwa kitu chenyewe au ni kisu chako, bado hujui. Na kisu cha siku hizi, CRISPR, mbinu ya kukata DNA kwa kimeng'enya Cas9, kinasifiwa kwa usahihi kuliko kinavyostahili. RNA elekezi, kipande kinachoionyesha Cas9 pa kukata, ina herufi 20 hivi, na huvumilia tofauti ya herufi moja mbili, hivyo hukata pia mahali ambapo hukukusudia. Hata palepale ulipokusudia, ukarabati wa seli unaweza kufuta maelfu ya herufi, pamoja na swichi ya jeni jirani. Kisha mtu anahakiki kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA ili kisomwe, ya herufi 300. Ufutaji mkubwa umeondoka na sehemu ambayo kianzishi, kijipande cha DNA kinachoanzisha unakili huo, kingeshika, kwa hiyo nakala iliyoharibika haionekani kabisa. Kinachosomeka ni nakala ya pili tu, safi kama maji ya mtungi. Ndipo inaandikwa "ukataji ulithibitishwa".

Dawa yake haina siri. RNA elekezi mbili tofauti kwa uchache, zinazokata sehemu mbili tofauti za jeni ileile. Koo mbili tatu za seli kutoka kwa kila moja, maana seli moja uliyoikuza hadi mamilioni ina tabia zake ilizozaliwa nazo. PCR ya kipande kirefu, cha herufi elfu kadhaa. Pima protini yenyewe, usitosheke na DNA, kwa sababu seli huruka kipande kilichoharibika ikatengeneza protini fupi inayofanya kazi vizuri tu. Halafu rudisha.

Na kurudisha kuna namna. Nakala unayorudisha ibadilishwe herufi pale RNA elekezi inaposhika, kwa mabadiliko yasiyogusa protini. La sivyo, kama Cas9 bado imo ndani ya seli, itaikata upya nawe utashangaa kwa nini urudishaji "haukufaulu". Kiasi kikaribie cha asili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatumia swichi ya virusi, CMV, inayomwaga protini mara nyingi kupita kawaida. Protini ikizidi hivyo huganda mafungumafungu, huingia vyumba vya seli isivyokaa, hunyang'anya washirika wa protini nyingine. Tatizo likitoweka, hujui kama umerejesha kazi au umelizima kwa nguvu. Swichi inayopandishwa kidogokidogo kwa dawa ya doksisaiklini inaondoa utata huo: panda kipimo hatua kwa hatua, utazame kama dalili inafuata.

Kuna kidhibiti kimoja kinachoniudhi zaidi kwa kukosekana kwake: toleo lililouawa. Kama unadai protini inafanya kazi kama kimeng'enya, badilisha asidi amino moja kwenye kitovu chake ili isiweze tena kumeng'enya, kisha irudishe ikiwa na umbo lake na kiasi chake kilekile. Isiporekebisha kitu wakati toleo zima limerekebisha, dai lako lina miguu. Ikirekebisha vilevile, basi uliyoiita kazi yake siyo. Huenda inashikilia wenzake mahali pao tu. Mistari minne ya seli: zenye jeni, zisizo na jeni zilizopewa kibebeo kitupu (DNA ya kubebea isiyo na jeni ndani), zilizorudishiwa toleo zima, zilizorudishiwa toleo lililouawa. Ripoti ikiwa na miwili ya kwanza peke yake, ni nusu ya jaribio.

Upande wa pili, wa kuondoa usione kitu, nao una mitego yake. Jeni egfl7 ya samaki pundamilia ni mfano uliowasumbua watu: ukiizima kwa morfolino, molekuli inayozuia RNA ya jeni bila kugusa DNA, mishipa ya damu inaharibika, ukiikata kwenye DNA, samaki wengi wako salama. Maneno mengi yakaelekezwa kwenye sumu ya morfolino, na mara nyingine ni kweli. Lakini mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba samaki waliokatwa jeni walikuwa wameongeza jeni nyingine za kufidia. Mwaka 2019 sababu ikaanza kueleweka: RNA mjumbe mbovu inapovunjwavunjwa, uvunjaji wenyewe huamsha jeni zinazofanana nayo. Kwa hiyo kabla hujasema jeni haina kazi, futa na swichi yake ili RNA isitengenezwe kabisa, kisha linganisha. Panya waliotengenezwa bila mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni kwenye misuli, mwaka 1998 walikimbia kama kawaida. Je, mayoglobini ni pambo? Miili yao ilikuwa imejipanga upya, ikaongeza vishipa vidogo vya damu.

Halafu kuna chumba. Panya wa maabara hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi, zinazomfaa mtafiti aliyevaa koti. Kwa panya hiyo ni baridi. Raha yake iko karibu na 30. UCP1 ni protini ya mafuta ya kahawia inayochoma nishati iwe joto. Mwaka 1997 panya wasio nayo walionekana kushindwa na baridi lakini hawakunenepa, na hoja ya kuihusisha na unene ikadhoofika. Mwaka 2009 panya wa aina hiyo wakawekwa kwenye joto linalowafaa, wakanenepa. Kwenye chumba cha baridi walikuwa wanatetemeka, na kutetemeka kunachoma kalori. Miaka kumi na miwili ya mkanganyiko kwa sababu ya kidhibiti joto cha ukutani! Na bado kuna makala zisizotaja nyuzi joto za chumba.

Wanaikolojia walijua kuondoa kabla ya CRISPR. Mwanaikolojia Robert Paine alibandua viti vya pweza, wanyama wa baharini wenye umbo la nyota wanaokula kome, kwenye miamba ya Mukkaw Bay, Marekani. Katika taarifa yake ya mwaka 1966, spishi zilikuwa zimeshuka kutoka 15 hadi 8, kome wakitwaa nafasi. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila ikolojia ndiyo inayofundisha kwamba kurudisha kunaweza kugoma. Hifadhi ya Yellowstone, Marekani, ilipoteza mbwa mwitu miaka ya 1920, ikarudishiwa 31 mwaka 1995 na 1996, na simulizi inayopendwa ni kwamba walipunguza kulungu wanaokula miti ya mierebi, mierebi ikainuka na mito ikapona. Viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa 2001 vinasema mambo magumu zaidi. Biva, wanyama wajenga mabwawa, walikuwa wameondoka, vijito vikachimbika chini, maji ya ardhini yakashuka. Mierebi ilirefuka vizuri pale watafiti walipojenga mabwawa na kuweka uzio dhidi ya walaji. Palipoachwa vivi hivi, hata baada ya miaka 20 ilibaki mifupi.

Udongo nao unaondolewa wafanyakazi bila mtu kukusudia. Kipimo cha uozaji cha mifuko ya chai, kijani na rooibos, kufukia sentimita 8, kungoja miezi mitatu, kukausha na kupima uzito, ni rahisi na kinalinganishika duniani kote; nakubali. Lakini matundu ya mfuko wa awali ni milimita 0.25. Jongoo na nyungunyungu wamefungiwa nje, halafu tunaandika "kasi ya uozaji wa udongo huu". Fukia kando yake mifuko ya majani ya mahali hapo, mmoja wa matundu madogo na mwingine wa milimita 5, na tofauti ya uzito ndiyo itakayokuonyesha kazi ya wale waliofungiwa.

Kuhusu tangazo la ENCODE, mradi wa kuchunguza jinomu ya binadamu, la mwaka 2012, kwamba asilimia 80 ya jinomu ya binadamu ina kazi: waliona shughuli za kikemia tu, na kitunguu kina DNA takriban mara tano ya yetu. Kitunguu kina shughuli nyingi kweli.

Kwenye tiba watu huogopa neno kuondoa, ila ugonjwa umeshaondoa kwa niaba yetu. Figo zikishindwa, erithropoetini, homoni yao inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, inapungua, himoglobini inashuka, na takwimu za wagonjwa zilionyesha wenye himoglobini ya juu wanaendelea vizuri zaidi. Basi ipandishwe hadi kawaida kwa sindano za homoni hiyo, si ndiyo? Jaribio la CHOIR, lililochapishwa 2006 likiwa na wagonjwa 1,432, lililinganisha lengo la gramu 13.5 kwa desilita na lengo la 11.3. Kundi la lengo la juu ndilo lililopata zaidi vifo na matatizo ya moyo na mishipa, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda. Homoni hiyo inapunguza kuongezewa damu, faida hiyo hainyimiki. Lakini figo nzima hupandisha na kushusha homoni kwa kufuata oksijeni, sindano haifanyi hivyo; kilichorudishwa ni namba tu.

Nitaambiwa kurudisha ni ghali. Kwa msitu, kweli. Kwa panya, ni miezi na vizimba, nakubali shingo upande. Kwa seli za kwenye sahani, hapana: toleo lililouawa linaagizwa siku moja na toleo zima, linatofautiana nalo kwa herufi chache, na linakuzwa kwenye kabati lilelile.