Msiseme "Enzi Zile Hawakujua"

Juzi kisa cha wasichana wa radiamu, wale wafanyakazi wa viwandani Marekani walioumizwa na rangi yenye radiamu, madini yanayotoa mionzi, kimezunguka tena kwenye kundi letu la WhatsApp, na mtu mzima, msomi, akaandika chini yake: "Enzi zile hawakujua." Wengi wakamuunga mkono. Nimeshindwa kunyamaza.

Nani hakujua? Wasichana, ni kweli, hawakujua. Walipoajiriwa kuanzia 1917 kwenye kile kiwanda cha Orange, New Jersey, kilichokuja kuitwa United States Radium Corporation, baadhi yao walikuwa na miaka 14 tu. Kazi ilikuwa kupaka namba za saa rangi yenye radiamu, inayong'aa gizani. Namba ni nyembamba, brashi hutanuka upesi, na kuisuuza kwa maji kulipoteza rangi. Wakafundishwa kuichonga kwa midomo: chonga, chovya, paka, kisha rudia. Walilipwa kwa kila uso wa saa waliomaliza kupaka, na wapo waliofikisha nyuso 250 kwa siku. Walipouliza kama ile rangi ina madhara, waliambiwa haina.

Lakini kwenye kiwanda hichohicho, wakemia walishika radiamu kwa koleo na kujikinga kwa ngao za madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Ngao za nini, kama radiamu haina madhara?

Radiamu ikiingia mwilini, mwili huichukulia kama kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa, na humo huendelea kuutoboa mfupa kutoka ndani. Mollie Maggia, mmoja wa wasichana hao, alianza kwa kuumwa jino. Likang'olewa, kidonda kikakataa kupona, yakafuata mengine, mpaka siku daktari wa meno alipogusa taya likamvunjikia mkononi. Alifariki Septemba 1922, na cheti chake cha kifo kikaandikwa kaswende. Binti wa watu anazikwa na aibu isiyo yake! Mwaka 1927 kaburi lake lilifukuliwa: dalili ya kaswende haikuonekana, na mifupa ilikuwa imejaa mionzi.

Kinachonitia hasira zaidi ni ile ripoti. Mwaka 1924 kampuni yenyewe ilimwita Cecil Drinker, profesa wa Chuo Kikuu cha Harvard, achunguze. Akakuta vumbi linalong'aa kwenye nywele na nguo za wafanyakazi, akakuta damu zao zina kasoro, akaandika kwamba radiamu ndiyo chanzo. Kampuni ikaifungia ripoti, ikaipelekea idara ya kazi ya jimbo maelezo mengine yaliyodai kila msichana yuko katika afya njema kabisa. Huko ni kujua, na ni kujua kwa maandishi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wakati ule radiamu iliuzwa hata kama dawa, na mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Sabin von Sochocky, naye iliishia kumuua 1928. Lakini baada ya 1924 utetezi huo haupo tena.

Grace Fryer, mpakaji mwingine wa kiwanda hicho, alihangaika miaka miwili kumpata wakili wa kuishtaki kampuni. Sheria ya New Jersey ilitaka mashtaka yafunguliwe ndani ya miaka miwili, na ugonjwa wenyewe ulichukua miaka kujitokeza. Mwaka 1928 yeye na wenzake wanne, wawili kati yao ndugu wa Mollie, walipewa dola 10,000 kila mmoja na posho ya mwaka. Kampuni haikukiri kosa.

Na sisi wa Kiswahili tusijifanye haya ni ya Marekani peke yake. Kuanzia 1922 madini yaliyotawala soko la radiamu duniani yalitoka Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo, kwenye mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, yakasafishwa Ubelgiji. Mikono ya Wakongo ndiyo iliyoyachimba.

Tukirudi Marekani, kule Ottawa, Illinois, kampuni ya Radium Dial, nayo ya kupaka saa, iliendelea kuwaambia wafanyakazi wake kwamba wako salama. Catherine Donohue, mmoja wa wapakaji wake aliyeishtaki, alitoa ushahidi nyumbani kwake 1938, amelala, hawezi kusimama. Alishinda, kampuni ikakata rufaa, naye akafariki Julai mwaka huohuo. Rufaa hazikuisha mpaka Oktoba 1939, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataa kuisikiliza kesi hiyo. Hiyo ni miaka kumi na tano tangu Drinker aandike.