Watamu: bichi boi wakiondolewa, nani atamwonyesha mgeni bahari?

Kila msimu wa wageni ukikaribia, hoja ile ile hurudi Watamu, mji wa watalii katika pwani ya Kenya: wahudumu wa ufuoni, hao tunaowaita bichi boi, waondolewe mbele ya hoteli ili mgeni apumzike. Wenye hoteli wana sababu zao, na nyingine ni nzito. Mgeni hajamaliza kutandika taulo, amekwisha kufikiwa na wa vikoi, wa vinyago na wa safari za boti. Wapo wageni waliotoa arbuni ya safari na asubuhi yake wasimwone mtu. Kuna boti zinazotoka na jaketi za kuokolea zisizotosha abiria. Na wapo wahudumu wanaomtoa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, majini ili mgeni apige picha, tena ndani ya hifadhi ya bahari. Anayeyapuuza haya hautakii mji huu mema.

Lakini kutoka hapo hadi kusema wote waondoke ni mbali mno, na hapo ndipo naona mjadala unapopotoka.

Kivutio kikubwa cha Watamu ni bahari, na bahari haifuati ratiba ya hoteli. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa hadi mbali, mafungu ya mchanga yakaibuka, mtu akatembea kwa miguu mahali ambapo saa chache nyuma boti zilikuwa zikielea. Siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, matembezi hayo hayana maana. Tena maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa iliyofaa leo haitafaa wiki ijayo. Jedwali la maji linaweza kubandikwa mapokezi, ndiyo. Ila jedwali halimwonyeshi mtu tundu la pweza. Mhudumu anayeujua mwamba huinama penye kirundo cha magamba ya kaa na makombe, kwa kuwa pweza hutupa mabaki ya chakula chake mlangoni, kisha humwambia mgeni asimame kimya asikanyage. Baada ya muda jicho huonekana. Mgeni aliyeona hivyo hasahau, na hakuna kilichoguswa.

Ujuzi huo una historia. Hifadhi ya Bahari ya Watamu ilitangazwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, na uvuvi ndani yake ukapigwa marufuku. Matumbawe yalinufaika, na hifadhi hiyo ndiyo inayouzwa leo katika kila tangazo la hoteli. Waliolipa gharama ni familia zilizokuwa zikivua pale. Wahudumu wa ufuoni wametoka kwingi, na wengine ni wageni Watamu kama watalii wenyewe, lakini wamo wana na wajukuu wa wavuvi hao. Kile ambacho baba alikijua kwa ajili ya mshipi, mwana anakitumia kuongoza wageni, na mara nyingi kwa Kiitaliano alichojifunza papo hapo mchangani. Kuwafungia ufuo sasa ni kuwafungia bahari ile ile mara ya pili.

Kinachonisumbua zaidi ni njia ya pesa. Mgeni wa kifurushi hulipia ndege, chumba, chakula na vinywaji kabla hajaondoka kwao. Akifika, hukaribishwa kwa kikao ambapo wakala wa kampuni ya safari humweleza safari zilizopo, humuuzia, kisha mara nyingi humwonya asinunue kwa watu wa nje. Hakuna kosa mfanyabiashara kuuza bidhaa yake. Tatizo ni kwamba onyo hilo linatoka kwa mshindani, na mgeni hulipokea kama ushauri wa usalama. Tufuate sasa shilingi ya aliyekwenda na bichi boi. Inagawanyika kwa nahodha na kijana wa nanga. Kesho yake inalipa tuktuk ya kwenda Gede, magofu yaliyoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, ambako kaburi moja bado lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria. Jirani ya magofu hayo upo mradi wa Kipepeo, ambao tangu 1993 umewapa wanavijiji wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kipato kwa kufuga vipepeo. Jioni inalipia mlo wa kaa huko Dabaso, kando ya mikoko ya hori ya Mida. Mkono mmoja umepokea, na mikono mingi imegusa. Ya kifurushi imeshagawanywa ng'ambo, na inayofika huku huja kama mshahara na bili za soko.

Wenye hoteli hujibu kwamba mishahara hiyo ndiyo inayolisha mji, na kwamba wao hulipa leseni na kodi. Nakubali. Bila vitanda vyao pangekuwa na wageni wachache wa kugombaniwa. Ila hoteli kadhaa hufunga wakati wa masika na kuwapa wafanyakazi likizo, na nyumba nyingi huvuka miezi hiyo kwa kipato cha mtu mwingine wa familia, hata kama ni bichi boi.

Kisheria pia hoja ya kuwafukuza ni dhaifu. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inaiweka ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Hoteli ina haki ya kulinda vitanda vya jua vilivyo ndani ya kiwanja chake, lakini mchanga unaolowa haumo.

Kinachowezekana ni kazi ya kawaida ya usimamizi. Kila mhudumu asajiliwe na avae kitambulisho chenye namba, bei za safari zibandikwe penye njia ya kushukia ufuoni, KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini, ikague boti na jaketi, na KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi, limsimamishe kazi anayegusa matumbawe au kumtoa kiumbe majini. Vyama vya wahudumu vikubali mwenzao kufungiwa akidhulumu mgeni, bila kumfichia. Na hoteli nazo ziweke orodha ya waliosajiliwa mezani kwenye kikao kile cha kukaribisha, pamoja na safari zao wenyewe, mgeni achague.