"Heri ya Krismasi kwa wote": wote ni akina nani?

Asubuhi ya tarehe 25 Desemba 2024, katika kundi la WhatsApp la wapangaji wa nyumba moja hapa Nkuhungu, Dodoma, mama mmoja aliandika "Heri ya Krismasi kwa wote" na kuweka picha ya mshumaa. Haikupita nusu saa, mpangaji wa chumba cha uani akajibu: "Kwa wanaohusika." Yalikuwa maneno mawili tu, lakini kundi zima lilinyamaza hadi jioni, na kesho yake wawili hao walipishana bombani na ndoo zao bila hata "za asubuhi". Miezi mitatu baadaye zamu iligeuka. Mpangaji yule aliandika "Idd Mubarak kwa Waislamu wote", na safari hii aliyeumia ni mama, ambaye aliniambia kwa masikitiko kwamba jirani yake amewasalimu watu wa dunia nzima, ila yeye aliyetenganishwa naye kwa ukuta mmoja amemruka.

Ugomvi huo mdogo una pande zote mbili za suala ninalotaka kulipima. Mmoja alikasirika kwa sababu ametiwa ndani ya sikukuu isiyo yake, na mwingine alikasirika kwa sababu ameachwa nje ya sikukuu isiyo yake. Ni rahisi kuwaambia wote wawili kwamba wanakuza mambo, na wengi huishia hapo. Mimi naona ni haki kuwasikiliza kwanza.

Nianze na anayekataa, kwa kuwa ndiye anayehukumiwa haraka. Neno "heri" katika Kiswahili si pambo. Ni baraka na dua, na anayesema "heri ya Krismasi" anaweza kusikika kana kwamba anakiri kuwa siku ile yenyewe inabeba heri. Mwislamu hana tatizo na Nabii Isa, ambaye kuzaliwa kwake kumesimuliwa kwa heshima kubwa katika Surat Maryam. Tatizo lake ni kwamba Mkristo, siku hiyo, anaadhimisha kuzaliwa kwa Mwana wa Mungu, wakati Surat al-Ikhlas, ambayo mtoto wa madrasa huihifadhi mapema kabisa, inasema kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Ndiyo maana mwanachuoni Ibn al-Qayyim wa Damascus, aliyefariki mwaka 1350, alikataza kabisa kuwapongeza wasio Waislamu kwa sikukuu zao za kidini, na kauli yake hurudiwa hadi leo kila Desemba inapokaribia. Mwenye kuishika kauli hiyo halazimiki kuwa na chuki na mtu. Anachunga asije akatamka kwa ulimi jambo ambalo moyo wake haulikubali, na huo ni uaminifu.

Hata hivyo, kauli hiyo si ya Waislamu wote. Mwanachuoni Yusuf al-Qaradawi aliruhusu pongezi hizo kwa majirani na wafanyakazi wenzako wanaoishi nawe kwa amani, na Dar al-Ifta ya Misri, taasisi ya huko inayotoa fatwa, imetoa msimamo kama huo. Hoja yao imesimama juu ya aya ya 8 ya Surat al-Mumtahana, isiyokataza kuwatendea wema na uadilifu wale ambao hawakuwapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini wala kuwatoa majumbani mwao, pamoja na agizo la Surat an-Nisaa kwamba anayeamkiwa aitikie kwa maamkizi yaliyo bora zaidi, au angalau ayarudishe yale yale. Kwa hiyo mpangaji wa uani, kama alitaka kusimama juu ya dini yake, alikuwa na mahali pa kusimama akiitikia na mahali pa kusimama akinyamaza. Sioni mahali alipoipata ile "kwa wanaohusika".

Upande wa Kikristo nao hauna sauti moja, jambo ambalo Wakristo wengi hulisahau wanapowashangaa Waislamu. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi wala Pasaka, na Wasabato wengi wanakuambia waziwazi kwamba tarehe 25 Desemba haimo katika Biblia. Huko Massachusetts, Marekani, Wapuritani, ambao ni Wakristo wenye msimamo mkali, waliweka sheria mwaka 1659 ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeadhimisha Krismasi, na sheria hiyo ilidumu hadi 1681. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, aliwakuta waumini wakivutana juu ya siku, huyu akiiona siku moja kuwa bora kuliko nyingine na yule akiziona zote sawa, akawaachia kila mmoja athibitike katika akili yake mwenyewe.

Kama tungetaka kukasirika, basi, tusingehitaji hata kuvuka mpaka wa dini. Ukimwambia Mwislamu wa Ansar Sunna "heri ya Maulid" unaweza kumuudhi kuliko ukimwambia "heri ya Krismasi", maana Krismasi anajua ni ya wengine, ila Maulid anaiona kuwa ni uzushi ulioingizwa nyumbani kwake. Upo pia mzozo wa mwezi mwandamo. Wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani huweza kuswali Idi siku moja kabla ya wanaosubiri tangazo la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, na salamu ya "Idd Mubarak" ikimfikia mtu ambaye bado amefunga, humchoma kama kejeli hata kama aliyeituma hakukusudia chochote. Mkristo naye akitumiwa ujumbe wa "Ijumaa Kuu njema" na jirani mwenye nia safi, atabaki akijiuliza huo wema uko wapi siku ya msalaba.

Neno nia ndilo linaloelekeza hukumu yangu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 129, inamtia hatiani anayetamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini za mwenzake, na uzito wa kosa upo kwenye kusudi. Kama sheria yenye jela mkononi inauliza kwanza mtu alikusudia nini, jirani mwenye ndoo ana sababu gani ya kutouliza? Mama wa mshumaa aliamka na furaha, akaimwaga kwa kila aliyekuwa karibu. Alikosea hesabu ya "wote", lakini hakumtukana mtu.

Kuhesabu kwenyewe si kazi nyepesi katika mji huu. Kule Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, au Mvumi, palipo na misheni ya Kianglikana ya zamani, mtu anajua nani anasali wapi, na salamu hufuata mtu. Hapa mjini, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016 kutekeleza uamuzi uliokuwa umefanywa tangu 1973, tunapanga na watu wa kila mkoa tusiojua hata majina yao ya ukoo. Tunabahatisha kwa majina, na majina yanatudanganya, maana wapo akina Juma wanaoimba kwaya. Sensa zenyewe hazijauliza dini ya mtu tangu 1967, sembuse mimi kwa mpangaji mwenzangu.

Wapo wanaodhani dawa ni kufuta majina ya sikukuu kabisa. Marekani wamejaribu. Maduka na ofisi nyingi huko hutakia watu sikukuu njema bila kuitaja Krismasi, na matokeo yake ni kwamba baadhi ya Wakristo huona wamefutwa, kiasi kwamba mwaka 2015 kampuni ya kahawa ya Starbucks ililaumiwa kwa vikombe vyekundu visivyokuwa na mapambo ya msimu huo. Sisi hatuna haja ya kuuagiza ugomvi huo. "Sikukuu njema" kwetu haikubuniwa ili kumkwepa mtu. Ni salamu tuliyokua nayo, hutumika Idi, Pasaka na Mwaka Mpya, na mtoto wa Dodoma anayesema "nipe sikukuu yangu" huku amenyoosha kiganja haangalii kama mkono utakaompa hela umetoka msikitini au kanisani. Tena kwa mtumishi wa umma salamu hiyo ni kweli tupu, kwani Idi na Krismasi zote ni siku za mapumziko kwa wote.

Ninapokubali kwamba mtu ana haki ya kuudhika ni pale salamu inapotoka kwa mwenye madaraka. Mkuu wa idara anayehesabu nani hakujibu "Krismasi njema" yake, au mwalimu anayewasimamisha watoto wote waimbe nyimbo za dini moja, hasalimu bali anatoza. Viongozi wetu kwa miaka mingi walizoea kupanga salamu kwa foleni jukwaani, "Assalaam aleikum", "Bwana Yesu asifiwe", "Tumsifu Yesu Kristo", mpaka mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza kusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na watu kuitikia "Kazi iendelee". Atakayesema kwamba hapo Mungu amewekwa pembeni ana hoja yake, ila kwa jukwaa la Serikali naiona ndiyo njia salama zaidi.

Kwa mama yule nilisema jambo ambalo hakulipenda: hakuna anayedaiwa salamu ya sikukuu, na jirani aliyewatakia Waislamu wenzake Idi njema hakumnyang'anya yeye kitu. Kwa mpangaji wa uani nilisema "ahsante, jirani" ingetosha, na isingemgharimu hata herufi moja ya imani yake. Alicheka, akasema Krismasi ijayo ataangalia. Ana muda wa kufanya mazoezi. Kalenda ya Kiislamu ni fupi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na kama ilivyokuwa Desemba 2000, Idi el Fitr itaifikia tena Krismasi mwaka 2033, zikiwa zimepishana kwa siku mbili hivi, na wauza mchele wa Soko la Majengo watakuwa na foleni mbili za pilau ndani ya wiki moja.