Shingo isiyo na alama: ushahidi wa daktari na ukubwa wa ukatili wa nyumbani

Kila zinapotolewa takwimu za ukatili wa nyumbani, hakosekani mtu wa kuuliza: kama wanaopigwa ni wengi hivyo, mbona majeraha yao hatuyaoni? Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kuwa na mwenzi wamepigwa au kulazimishwa kingono na mwenzi angalau mara moja maishani. Majalada ya polisi na fomu za madaktari haziifikii hesabu hiyo hata kwa mbali. Ndipo wengine huhitimisha kuwa madodoso, yaani maswali ya watafiti yanayozaa takwimu kama hiyo, yanakuza mambo, na kwamba kipimo cha kuaminika ni kile alichokiona daktari kwa macho yake.

Wana hoja. Dodoso hutegemea kumbukumbu ya anayejibu, na hakuna wakili wa kumhoji. Isitoshe, aliyepigwa kofi moja miaka mingi iliyopita huhesabiwa pamoja na anayepigwa kila wiki, ikiwa swali lilihusu maisha yote. Daktari yeye huutazama mwili. Aliyeanguka huumia zaidi kwenye sehemu zilizochomoza, kama goti na kiwiko. Aliyeinua mikono kujikinga hubaki na michubuko upande wa nje wa kigasha. Mtu anayeweza kufungwa jela ana haki ya kudai ushahidi wa namna hiyo, na nisingependa mahakama iache kuusikiliza.

Lakini ushahidi huo uliundwa kujibu swali kuhusu mwili mmoja: je, alama hizi zinaafikiana na maelezo haya? Ukigeuzwa kipimo cha jamii nzima, unapotosha, tena siku zote kwa kupunguza.

Chukua kukabwa koo. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa kesi 300 za wanawake na wanaume waliokabwa na wenzi wao, zilizopelekwa kwa mwendesha mashtaka wa jiji la San Diego, Marekani. Katika nusu ya kesi hizo polisi hawakuona alama yoyote shingoni. Katika asilimia 35 nyingine alama zilikuwepo ila hafifu mno, picha zisingezionyesha. Zilibaki asilimia 15 tu, yaani kesi 45 katika 300, zenye picha ya kufaa mahakamani.

Takwimu hii nimeirudia mara nyingi, na kila nikiirudia inanielemea. Hawa walikuwa watu waliokwishapiga simu, polisi wakafika, maelezo yakaandikwa. Vizingiti vyote vya aibu na woga walikuwa wameshavivuka, na bado katika kila 20 ni 3 tu waliokuwa na kitu cha kuonyesha. Ni kweli kwamba ofisi ile ilishughulikia makosa madogo, hivyo huenda waliojeruhiwa vibaya zaidi walipelekwa kwingine, na hesabu ingekuwa tofauti kama wangejumuishwa. Nakubali. Ila hilo nalo lina maswali yake: ni wangapi kesi zao ziliitwa ndogo kwa sababu tu shingo ilikuwa safi?

Shingo hubaki safi kwa sababu zinazoeleweka. Mishipa ya damu ya shingoni huzibwa kwa mgandamizo mdogo, na ubongo ukikosa damu mtu huweza kuzimia kwa sekunde 10 hivi. Kiganja kipana au mkono uliokunjwa hutosha, bila kucha kugusa ngozi. Damu iliyovilia ndani huweza kuchukua siku moja au mbili kujitokeza juu, wakati fomu imeshajazwa na kugongwa muhuri. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwanzo ni mgumu kuuona kwa taa ya kawaida. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba mwanga maalumu wa rangi huongeza mara tano uwezekano wa kugundua michubuko, ingawa mwanga huo nao huonyesha vitu visivyo jeraha, kama mabaki ya vipodozi.

Hata alama inapoonekana, haisemi yote inayoulizwa. Mawakili hupenda kumuuliza daktari mchubuko una siku ngapi. Rangi haitoi jibu la uhakika. Linaloweza kusemwa kwa usalama ni kwamba umanjano hauonekani kabla ya saa 18 hivi. Shahidi makini atakoma hapo.

Tena hao ni waliofika kwa daktari. Umoja wa Mataifa uliripoti mwaka 2015 kwamba, katika nchi nyingi zenye takwimu, chini ya asilimia 40 ya wanawake waliofanyiwa ukatili waliomba msaada wowote, na kati ya walioomba, chini ya asilimia 10 walikwenda polisi. Piga hesabu: katika wanawake 100, hawafiki wanne. Na utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005, uliohusisha nchi 10, ulikuta kwamba kati ya wanawake waliopigwa na wenzi wao, waliowahi kupata jeraha walikuwa kati ya asilimia 19 na 55, kutegemea mahali. Waliosalia walisukumwa, walipigwa makofi, walivutwa nywele, na mwili haukuweka kumbukumbu.

Anayeamini majeraha peke yake atasema hao waliosalia wana nafuu. Kukabwa kunamkanusha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 ulilinganisha wanawake waliouawa na wenzi wao na wengine waliofanyiwa ukatili wakabaki hai. Asilimia 43 ya waliouawa walikuwa wamewahi kukabwa koo na mwenzi kabla. Kwa waliobaki hai ilikuwa asilimia 10. Kitendo kinachoacha alama chache ndicho kinachoashiria hatari kubwa.

Kwa hiyo simlaumu daktari anayeandika "hakuna jeraha la nje" ikiwa ndivyo alivyoona. Kasoro ni fomu inayoishia hapo. Daktari angeuliza pia kama sauti imekwaruza, kama kumeza mate kunauma, kama alizimia au alijikojolea. Angefunua kope kutafuta vidoa vyekundu vya damu. Angeandika saa ya tukio na saa ya uchunguzi, na kumtaka arudi baada ya siku mbili apigwe picha upya. Hayo yote ni ushahidi wa kitabibu, na mengi yake hayahitaji mashine.